Nina bima ya maisha, ya nini tena bima ya kipato?

Kwako Mshauri,

Salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, na kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Sijaajiriwa. Natafuta wateja mwenyewe na kulipwa kwa kila kazi ninayokabidhi. Mume wangu ameajiriwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikata bima ya maisha ya miaka 20, nikawaandika watoto kuwa wanufaika, na tangu hapo sijawahi kuchelewesha ada. Nikaona upande huo nimeshaumaliza.

Mwaka jana rafiki yangu, ambaye anafanya kazi kama yangu, alipatwa na tatizo la pingili za shingo. Mkono wa kulia ukawa unakufa ganzi, na kwa miezi mitano hakuweza kukaa mbele ya kompyuta zaidi ya dakika chache. Naye ana bima ya maisha. Alipokwenda kudai aliambiwa hana dai lolote. Aliishi kwa kukopa ndugu mpaka aliporudi kazini.

Nilipomsimulia wakala wangu, akaniletea maelezo ya bima nyingine anayoiita bima ya kipato. Ada yake ni karibu mara tatu ya ninayolipa sasa. Anataka hesabu zangu za mapato na ritani za kodi za miaka miwili, na anasema hata nikitaka, kampuni haitakubali kukinga zaidi ya asilimia 60 ya kipato changu. Bima ya maisha haikuniuliza mambo hayo. Mume wangu anasema tutakuwa tunalipia kitu kimoja mara mbili, maana kwenye hati yangu ya bima ya maisha kuna kipengele kimeandikwa "ulemavu". Mimi nilishaanza kufikiria niache ile ya maisha nichukue hii.

Halafu kuna jambo linaninyima usingizi. Miaka miwili iliyopita nilitibiwa maumivu ya mgongo, nikafanyishwa mazoezi ya viungo kwa wiki kadhaa, yakaisha. Wakala anasema nisilitaje kwa kuwa nimeshapona. Nifanyeje?

Mama wa Wawili

JIBU

Dada yangu, kuna mawili hayawezi kusubiri, kwa hiyo nayatanguliza. Usiiache bima ya maisha. Na mgongo wako utaje, wote, kama ulivyonitajia mimi. Sababu zake nitazieleza, lakini usisaini kitu kabla hujazisoma.

Rafiki yako hakudhulumiwa, ingawa najua alivyoumia kusikia jibu lile. Bima ya maisha inangoja tukio moja tu, kifo cha aliyekata bima, na ikishalipa humlipa mtu mwingine: mtoto, mke, mume, mzazi. Mwenye bima mwenyewe hapokei. Imetengenezwa kwa ajili ya wale watakaobaki bila mtu wa kuwatafutia. Bima ya kipato inashughulika na hali nyingine kabisa: mtu yupo hai, anakula, anahitaji dawa, watoto wanamtazama, ila ugonjwa au jeraha limemzuia kufanya kazi. Hapo anayelipwa ni yeye mwenyewe, kila mwezi, kwa muda wote ambao hawezi kazi, hadi ukomo ulioandikwa kwenye mkataba. Ndiyo maana nasema mume wako amekosea kuziona kitu kimoja. Ukifa kesho, bima ya kipato haitawalea watoto wako. Ukipooza mkono kesho, bima ya maisha haitalipa bili ya mwezi ujao.

Sasa tukitazame hicho kipengele cha "ulemavu", kwa sababu ndicho kinachowapoteza watu wengi wenye nia njema. Itoe hati yako, kaa na mumeo, mkisome pamoja hadi mwisho. Kwa kawaida kitakuwa kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni msamaha wa ada: ukilemaa kwa muda fulani, mara nyingi miezi 6, kampuni inakusamehe ada ili bima yako isife. Ni kitu kizuri, lakini hakikuwekei hata senti mkononi. Cha pili ni malipo ya mkupuo kwa ulemavu kamili na wa kudumu. Yasome maneno hayo mawili taratibu: kamili, na wa kudumu. Kampuni itataka daktari athibitishe kwamba hutarudi tena katika hali ya kufanya kazi. Shingo ya rafiki yako ilimlaza miezi mitano kisha akapona. Isingepita kwenye msamaha wa ada wa miezi 6, wala kwenye ulemavu wa kudumu. Na watu wengi wanaolazimika kuacha kazi kwa muda mrefu wako hivyohivyo: hawajafa, hawajalemaa moja kwa moja, ila hawawezi kazi kwa miezi au miaka.

Ongeza na hili. Tukisikia ulemavu, wengi wetu tunawaza ajali. Kumbe sehemu kubwa ya madai ya muda mrefu hutokana na maradhi: mgongo na viungo, saratani, moyo, matatizo ya akili. Mtu akikuuzia bima ya ajali kwa bei rahisi na kukuambia ni sawa na bima ya kipato, muulize kama ingemlipa rafiki yako, ambaye hakuanguka popote.

Kuhusu ada kuwa mara tatu, sikutegemea iwe vinginevyo. Mtu wa miaka 37 ana uwezekano mdogo wa kufa kabla ya miaka ya bima yake kwisha, na akifa, kampuni inalipa mara moja na kufunga faili. Uwezekano wa kuugua au kuumia kiasi cha kushindwa kazi kwa miezi kadhaa ni mkubwa zaidi, na dai moja linaweza kulipwa kila mwezi hadi mtu afikishe miaka 65. Kuna na la jinsia. Wanawake huishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo katika bima ya maisha hutozwa kidogo kuliko wanaume. Katika bima ya kipato mambo yanageuka, kwa kuwa wanawake hudai mara nyingi zaidi, na penye ruhusa ya kutoza kwa jinsia wao ndio hulipa zaidi. Umoja wa Ulaya ulikataza tofauti hiyo kwa mikataba mipya kuanzia Desemba 2012. Mahali pengine bado ipo, kwa hiyo usishangae mumeo akipewa bei ya chini kuliko yako kwa kinga ileile.

Ukomo wa asilimia 60 una historia yake. Kwenye bima ya maisha, kiasi unachochagua kinatokana na mahitaji ya wategemezi na uwezo wako wa kulipa ada, kwa kuwa karibu hakuna mtu anayekufa ili apate pesa. Kwenye kipato ni tofauti. Miaka ya 1920 kampuni za bima ya maisha za Marekani zilikuwa zikibandika kwenye hati zao ahadi ya kumlipa mteja kila mwezi akilemaa, tena kwa masharti laini. Ulipokuja mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, kazi zikapotea, na mtu aliyekuwa akivumilia maumivu huku anafanya kazi akaona malipo ya bima yanazidi chochote ambacho angekipata sokoni. Madai yakafurika. Kampuni nyingi zikapata hasara na kuiacha biashara hiyo, zilizobaki zikakaza masharti. Tangu hapo kanuni imebaki kwamba malipo yawe chini ya kipato, ili kupona kuwe na faida kuliko kubaki kitandani. Ndiyo maana wanakuomba ritani za kodi. Hawakushuku wewe binafsi. Wanataka kujua asilimia 60 ni ya kiasi gani. Nawe uliyejiajiri elewa kwamba wanachohesabu ni kile kinachobaki baada ya gharama za kazi, tena kilichoandikwa. Kazi ulizolipwa mkononi bila kuziingiza kwenye hesabu hazitakingwa.

Bei na asilimia ndizo zinazozungumzwa sana, lakini mimi ningekuomba utumie muda wako mwingi kwenye sentensi moja ya mkataba: maana ya kushindwa kazi. Katika bima ya maisha hakuna ubishi wa maana ya kufa. Hapa ubishi wote uko hapo. Kuna mikataba inayosema umeshindwa kazi ikiwa huwezi kufanya kazi yako mwenyewe, ile uliyokuwa ukiifanya siku ulipougua. Kuna inayosema umeshindwa ikiwa huwezi kufanya kazi yoyote inayolingana na elimu, mafunzo na uzoefu wako. Na kuna mingi inayochanganya: miezi 24 ya mwanzo wanapima kwa kazi yako, baada ya hapo wanapima kwa kazi yoyote.

Jiweke kwenye hali ya rafiki yako, ila shingo isipone. Mkono umekufa ganzi, huwezi kushika kipanya wala kukaa saa nzima. Kwa mkataba wa kazi yako mwenyewe, umeshindwa kazi, unalipwa. Kwa mkataba wa kazi yoyote, kampuni inaweza kusema: huyu ana elimu ya ujenzi, anaweza kusimamia mafundi kwa kusimama na kutembea, au kukagua michoro ya wenzake kwa vipande vya dakika 20. Malipo yanakatwa, hata kama hakuna aliyekupa kazi hiyo. Kuna na aina ya tatu inayopita katikati: wanapima kwa kazi yako, lakini ukianza kazi nyingine tofauti wanaacha kulipa. Mwambie wakala akuonyeshe maneno yenyewe kwenye nakala ya mkataba, maana kipeperushi hakitakulinda siku ya dai.

Kitu kingine ambacho bima ya maisha haina ni kipindi cha kusubiri. Unachagua siku 30, 60, 90, 180 au hata mwaka, na watu wengi huchukua 90. Kadiri unavyokubali kusubiri, ndivyo ada inavyopungua. Ila hesabu vizuri. Tuseme umeanza kuugua tarehe 1 Machi na kipindi chako ni siku 90. Kinaisha mwishoni mwa Mei. Malipo hulipwa mwezi ukishakwisha, kwa hiyo pesa ya kwanza utaiona mwishoni mwa Juni. Hiyo ni miezi minne bila kitu, nawe huna mwajiri wa kukupa mshahara wa likizo ya ugonjwa. Rafiki yako, kwa bima hii na kipindi hicho, angelipwa miezi miwili tu kati ya mitano. Nakwambia mapema ili usije ukaona umetapeliwa. Miezi ya mwanzo ni kazi ya akiba yako. Bima hii inakusubiri pale ambapo akiba yoyote ya kawaida ingekauka, mwezi wa nane, mwaka wa pili, mwaka wa sita.

Kwa aliyejiajiri kama wewe kuna sharti ambalo nisingekubali kulikosa: malipo ya kushindwa kazi kwa sehemu. Mtu anayetafuta wateja mwenyewe mara chache hutoka kitandani na kurudi kazini moja kwa moja. Anaanza na mchoro mmoja, wateja wengine wameshahamia kwingine, mwezi unaingia nusu ya kawaida. Chukua kipato chako ni 100 kwa mwezi na bima yako inalipa 60 ukishindwa kabisa. Umerudi kazini, unaingiza 40. Umepoteza asilimia 60 ya kipato, basi mkataba wenye sharti hilo utakulipa asilimia 60 ya ile 60, yaani 36, nawe unabaki na 76. Mkataba usio na sharti hilo unaweza kuacha kulipa siku unapochora mstari wa kwanza. Hakikisha pia kwamba ukiugua tena ugonjwa uleule ndani ya miezi 6, hutaanza kusubiri upya.

Hata dai lenyewe huendeshwa kivingine. Kwa bima ya maisha, familia hupeleka cheti cha kifo na fomu, na kama bima ina umri wa kutosha na hakuna utata, wanalipwa. Kwa bima ya kipato utajaza fomu, daktari atajaza yake, kampuni itaomba hesabu zako, na itaendelea kuuliza mara kwa mara muda wote unaolipwa. Inaweza kukutuma kwa daktari wake. Inachosha, tena unafanyiwa ukiwa mgonjwa. Mweleze mumeo tangu sasa karatasi zinakaa wapi, kwa sababu siku hiyo huenda yeye ndiye atakayezishughulikia.

Nirudi kwenye mgongo. Wakala aliyekuambia unyamaze anajali kamisheni yake kuliko watoto wako, na silisemi hili kwa mzaha. Siku utakapodai, kitu cha kwanza kitakachofanywa ni kuomba mafaili yako ya hospitali. Wakikuta wiki zile za mazoezi ya viungo ambazo hukuzitaja, hasa ndani ya miaka 2 ya mwanzo ambayo mikataba mingi inaruhusu kampuni kuchunguza majibu yako, wanaweza kuufuta mkataba mzima. Utakuwa umelipa ada ghali, na dai lako la figo au la saratani litakataliwa kwa sababu ya mgongo uliopona. Kwenye bima ya maisha mgongo wa wiki chache karibu haumsumbui mtu, kwa kuwa hauui. Kwenye bima ya kipato ni miongoni mwa vitu vinavyoangaliwa sana, maana mgongo ndio unaowatoa watu kazini. Ukiutaja, huenda wakakukubali kama ulivyo, wakakuongezea ada, au wakauweka mgongo nje ya kinga. Hata hilo la mwisho si baya kama linavyosikika. Bado moyo, macho, mikono na maradhi mengine yote yangekuwa ndani.

Mengine nayapitia haraka. Uliza kama matatizo ya akili yana ukomo, kwa sababu mikataba mingi huyalipia miezi 24 tu. Ujauzito wa kawaida kwa kawaida haulipiwi, ila matatizo yatokanayo nao mara nyingi hulipiwa. Uliza kama kampuni ina haki ya kupandisha ada. Kuna mikataba ambayo haiwezi kufutwa wala kupandishwa ada madamu unalipa, na kuna ambayo haiwezi kufutwa lakini ada inaweza kupandishwa kwa kundi zima la wateja wa aina yako. Ya kwanza ni ghali zaidi. Na wewe unayetarajia kipato kukua, omba haki ya kuongeza kinga baadaye bila kupimwa afya upya.

Mumeo asijisahau. Bima ya kikundi anayopewa kazini, kama inakinga kipato, mara nyingi ni ya mwajiri, na akiacha kazi inaweza kubaki mlangoni. Pia aulize kuhusu kodi. Marekani, kwa mfano, malipo ya bima ambayo ada yake ililipwa na mwajiri hutozwa kodi, lakini uliyoilipia mwenyewe kwa pesa iliyokwisha kutozwa kodi hayatozwi. Kila nchi ina sheria yake, na tofauti hiyo inaweza kumega sehemu kubwa ya hiyo asilimia 60.

Umesema ulitaka kuacha bima ya maisha ili uipate hii. Watoto wako bado wadogo, na uliikata ukiwa kijana zaidi. Ukiiacha leo na kutaka kurudi baada ya miaka mitano, utapimwa upya kwa umri mpya na afya mpya. Kama pesa haitoshi, punguza upande wa bima mpya. Omba bei ya kipindi cha kusubiri cha siku 180 badala ya 90, kama mshahara wa mumeo na akiba vinaweza kuwabeba miezi saba. Omba bei ya malipo yanayokoma baada ya miaka 5 badala ya kwenda hadi miaka 65. Kinga ya asilimia 40 uliyoweza kuilipia kila mwezi ni bora kuliko ya 60 uliyoiacha baada ya mwaka mmoja. Ila usipunguze kwa kukubali maana ya "kazi yoyote" tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo bei rahisi inapopatikana kwa urahisi, na hapo ndipo madai ya watu kama rafiki yako yanapokufa.

Tafuta wakala mwingine, au dalali anayefanya kazi na kampuni zaidi ya moja, kwa sababu kampuni hazihukumu mgongo kwa namna moja. Mpe tarehe za matibabu yako na barua ya daktari inayosema lini ulipona. Barua ya masharti ikija na mgongo umewekwa nje ya kinga, kabla ya kulipa ada ya kwanza omba waandike kwamba zuio hilo litaangaliwa tena baada ya miaka 2 ukikaa bila matibabu. Baadhi ya kampuni hukubali, lakini kwa aliyeomba.